Mkeka Chini ya Tangi

Siku Humoud bin Ubeid alipochaguliwa kuwa mjumbe wa Bodi ya Soko, alinunua kofia mpya kabla ya kununua mchele, na mkewe Nunu akajua kwamba mwaka huo nyumba yao itakuwa na kazi.

Soko lenyewe halikuwa kubwa. Liliitwa Mnazi Mkavu, nalo lilikuwa mpakani mwa Kariakoo na Gerezani, mahali ambapo wanawake waliwauzia watu wa reli ndizi, mkaa na samaki wa kukaanga. Katikati yake lilisimama tangi la maji la bati, kubwa kama chumba cha kulala, limepandishwa juu ya miguu minne ya mbao. Chini ya tangi palikuwa na kivuli na bomba la kunawia, kwa hiyo hapakuwa na mahali pazuri kama pale soko zima. Hapo ndipo alipokaa Zeina, binti yao, akikaanga vitumbua, na mwanawe mchanga amelala ndani ya kapu pembeni yake. Zeina aliachwa na mumewe akiwa mjamzito, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyomnunulia mtoto sabuni na maziwa.

"Bwana Shauri, Mzungu wetu wa wilaya, ametuambia wazi," Humoud alisema jioni hiyo, kofia ameivua na kuiweka juu ya goti isichafuke. "Kuendesha soko ni kazi ya msimamizi. Yeye analipwa. Sisi wajumbe watatu hatulipwi, wala hatuendeshi kitu. Sisi kazi yetu kutazama na kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Maswali."

"Najua ni maswali, baba Zeina. Maswali gani?"

Humoud akafikiri kidogo. "Hayo sijaambiwa," akasema.

Alikuwa na kiduka cha kahawa na tende, watu walimpenda, na hakuwahi kugombana na mtu tangu kuzaliwa. Nunu aliliwaza hilo la mwisho usiku kucha. Mwanamume asiyegombana ni raha kumpikia, lakini atauliza nini mwenye aibu namna hiyo? Huyu mume wake akiletewa chai bila sukari hunywa, akashukuru.

*

Baada ya ukaguzi wa kwanza Humoud alirudi nyumbani akitembea polepole, mikono mgongoni, kama mtu aliyebeba kitu cha thamani tumboni.

"Leodegar ametutendea wema," akasema, akajitupa kitandani. Leodegar ndiye msimamizi wa soko, kijana wa misheni aliyetoka Kilimanjaro, mpole, mwenye mwandiko mzuri na viatu vinavyong'aa. "Amejenga baraza mpya mbele ya ofisi yake. Makuti mapya, upepo unapita. Tumeketi pale, tukaletewa pilau ya mbuzi. Mzee Abdulla amekula mpaka mjumbe mwenzetu Anaeli akamuuliza kama kwake wamehama."

"Na soko mmelitazama saa ngapi?"

"Tumelitazama. Ukikaa barazani unaliona lote."

"Tangi je?"

"Tangi liko palepale."

"Baba Zeina, najua liko palepale, mwanangu yuko chini yake. Nauliza miguu. Ulisema serikali imetoa boriti mpya za kubadilisha miguu ya tangi."

"Zimeshabadilishwa. Leodegar katuambia, na tumetia sahihi kwamba tumeona."

"Umetia sahihi kwa mkono gani? Maana wa kulia ulikuwa unakula."

"Nilinawa, mama Zeina."

"Ulinawa kabla ya kutazama au baada?"

Humoud akageukia ukutani, akasema ana usingizi. Kisha akageuka tena, maana kuna jambo lilikuwa linamsumbua kweli. "Kuna ada," akasema. "Mjumbe mpya hulisha wenzake. Ni desturi yao. Mzee Abdulla amenikumbusha mbele ya watu wote. Ati, 'Humoud, hii kofia yako itatushibisha lini?' Watu wakacheka hadi wapagazi."

"Nawe ukasema nini?"

"Nikacheka."

*

Siku chache baadaye Nunu alivaa buibui lake akampelekea Zeina mafuta sokoni. Alimkuta anapepea uso wa bakuli la unga kwa kifuniko.

"Unafukuza nzi?"

"Hapana, mama. Vumbi. Kila wakijaza tangi linadondoka. Tazama."

Nunu akatazama. Juu ya unga mweupe palikuwa na chembe za kahawia, laini kama tumbaku ya kunusa. Akainua macho. Miguu ya tangi ilikuwa imepakwa lami, myeusi, inang'aa, yenye heshima zake. Pembeni, Severa muuza ndizi, aliyekuwa na mtoto mgongoni na mdomo usiofungwa mlango, akacheka.

"Hiyo lami, bibi, ni buibui," akasema. "Ukilifunua utaona mwenyewe."

Nunu akauchukua upawa wa kugeuzia vitumbua, akausukuma mpini wake kwenye mguu wa tangi. Alidhani utagonga. Uliingia. Uliingia taratibu kama unavyoingia kwenye papai, na alipouchomoa walitoka mchwa wawili watatu, wakageuka geuka juani kama watu walioamshwa mapema.

Akalinyanyua kapu la mjukuu kabla hajasema neno. "Zeina, funga vitu vyako. Twende nyumbani."

"Niende nikakaange wapi, mama? Kule juani nani atakuja? Hapa wananawa, wanakula, wananawa tena."

"Tangi litakuangukia, mwanangu."

"Hata akiondoka," Severa akasema, "mimi nahamia hapa leo hii. Nimeililia nafasi hii miaka. Nami nikiondoka atakuja mwingine."

Alilisema kwa mzaha, lakini Nunu alibaki amelishika kapu mkononi, akimtazama yule mtoto wa Severa aliyelala mdomo wazi. Kumwondoa Zeina peke yake ni kumpisha mtoto wa mwenzake aangukiwe. Akamkabidhi Zeina upawa, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi, kapu kwapani.

Leodegar alikuwa barazani na makarani wake. Alisimama alipomwona, akamsalimu kwa adabu zote, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akatabasamu.

"Mama, usiwe na hofu. Bodi imekwisha kutazama. Mumeo mwenyewe ametia sahihi kwamba miguu ni mipya." Akawageukia makarani. "Au mama anataka kusema mzee Humoud ni mwongo?"

Makarani wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Nunu alihisi uso unamuwaka ndani ya buibui. Amjibu nini? Aseme mume wangu si mwongo, au aseme ni mwongo? Mbele ya watu, mke hana jibu la tatu. Akasema, "Haya, mwanangu," akageuka aondoke, na katika kugeuka akaishika nguzo ya baraza asijikwae.

Nguzo ilikuwa baridi, ngumu, nene kama paja la mpagazi. Boriti ya mkoko, mpya kabisa, bado ina harufu ya chumvi. Akazitazama zote. Zilikuwa nne. Boriti za kubebea tangi la maji, na juu yake zimebeba makuti.

*

"Niliiegemea," Humoud alisema usiku. Alikuwa amekaa sakafuni, ameshika kichwa. "Ile ya kushoto. Niliiegemea nikasema, Leodegar, baraza hii ni imara sana. Akasema ahsante."

Nunu hakutaka kucheka, maana alikuwa na hasira tangu mchana, lakini kicheko kilimponyoka puani.

"Cheka," akasema Humoud. "Mimi nitasema nini mbele ya Bwana Shauri? Kwamba nilitia sahihi kuwa boriti ziko chini ya tangi, na mgongo wangu umezilalia barazani?"

"Sema hivyohivyo."

"Nitafukuzwa. Nitakuwa kichekesho cha Kariakoo. Kahawa yangu nani atakunywa?"

"Na tangi likianguka je, utauza kahawa wapi? Matangani?"

Nje alipita muuza mafuta ya taa akinadi, mpaka sauti yake ikapotea upande wa Magomeni.

"Si mimi tu," akasema Humoud hatimaye. "Mzee Abdulla ametia sahihi. Anaeli ametia. Nikisema, nimewasema na wao. Na Leodegar atakana. Atasema boriti za baraza kanunua mwenyewe. Ana maneno yule, mama Zeina. Ukibishana naye unajikuta unamwomba radhi."

"Basi usibishane naye."

"Nifanye nini?"

"Mlishe," akasema Nunu.

Humoud akainua kichwa.

"Si unadaiwa ada?" Nunu akaendelea. "Bwana Shauri anakuja Alhamisi. Mwambie mjumbe mpya anakaribisha bodi nzima kwa chakula, sokoni hapohapo. Mwenye karamu ndiye anayetandika mkeka, na huwezi kumwambia mwenyeji wako kwamba mkeka wake hukuupenda. Mimi nitautandika chini ya tangi. Asiyejua atakaa. Anayejua tutamwona."

Humoud akamtazama mkewe kwa muda mrefu, kama mtu aliyegundua chumba kipya ndani ya nyumba yake. Kisha uso ukambadilika.

"Na likituangukia?"

"Litakuwa tupu. Nitasema na Severa. Sitaki roho ya mtu mikononi mwangu, hata ya huyo Leodegar."

Siku zote mpaka Alhamisi, mjukuu alibaki nyumbani kwa jirani, na Nunu alishinda sokoni ameketi karibu na Zeina, macho juu. Zeina alilalamika kwamba wateja nao wanatazama juu, wanasahau kununua.

*

Alhamisi alfajiri wanawake wa Mnazi Mkavu waliteka maji kana kwamba mji unaungua. Kila mtungi, kila debe, kila sufuria ya kukaangia samaki ilijaa, na Severa akasimama kwenye bomba akiwahimiza mpaka likakohoa, likatema tone la mwisho, likanyamaza. Karani aliyepita akauliza kuna nini. Akaambiwa kuna harusi.

Nunu akatandika mikeka miwili mizuri kuliko yote aliyokuwa nayo, mmoja wa mahari yake. Pilau ya mbuzi ikaja, na kachumbari, na mchuzi wa kuku. Mbuzi yule alitokana na kofia, maana Humoud aliirudisha dukani kwa Mhindi, akaongeza pesa kidogo juu yake.

Mzee Abdulla alikuwa wa kwanza kuketi, hata kabla ya kukaribishwa. "Humoud," akasema, akikunja kanzu, "kumbe ulikuwa unatutafutia mahali penye upepo." Anaeli akaketi pembeni yake. Bwana Shauri akafika na fimbo yake, akasifu harufu, akakunja miguu mirefu kwa tabu, goti moja karibu na sikio. Humoud akaketi mwisho. Nunu alisimama na wanawake wengine karibu na mafiga, akamsikia mumewe anasema bismillahi.

Leodegar alikuwa bado amesimama. Alisimama mbali kidogo, pale kivuli cha tangi kilipokomea, na ncha za viatu vyake vinavyong'aa hazikugusa kivuli.

"Karibu, mwanangu," akasema Humoud.

"Ahsante, mzee. Lakini kwa nini tusihamie barazani kwangu? Kuna viti. Bwana Shauri anaumia magoti."

"Leo wageni ni wangu. Nami mkeka wangu nimeutandika hapa."

"Mimi ni mzima," akasema Bwana Shauri, ambaye hakuwa mzima hata kidogo. "Msimamizi, keti."

"Bwana, tumbo langu leo si zuri."

"Tumbo?" Mzee Abdulla akauliza, tonge hewani. "Wewe? Asubuhi nimekuona kwa Zeina, umeagiza vitumbua kwa kupiga kelele kutoka kule ng'ambo, mtoto wa watu akuletee mkononi. Nikajiuliza, huyu siku hizi hatembei?"

Wanawake wakacheka. Leodegar akatoa leso. "Nina kazi langoni, bwana. Kuna magari ya mkaa."

"Mkaa utangoja."

Zeina hakuwa amepangiwa kusema kitu. Alikuwa anagawa maji ya kunawa, birika mkononi, na ghafla akasimama katikati ya mkeka. "Kaka Leodegar," akasema taratibu, "mimi nakaa hapa kutwa, kila siku, na mwanangu. Wewe huwezi kukaa hata kwa tonge moja?"

Leodegar akavuta hatua moja, kisha nusu. Akainua macho. Hapo juu, upepo ulilisukuma tangi kidogo, bati likalia, na vumbi la kahawia likadondoka juu ya pilau mbele ya Mzee Abdulla.

"Ondokeni," Leodegar akasema, na sauti yake ikapasuka. "Bwana, nakuomba, ondokeni hapo wote. Limejaa maji. Miguu imeoza."

Bwana Shauri aliinuka kwa wepesi ambao hakuna aliyeudhania. Anaeli alimruka. Mzee Abdulla alitoka na sinia lake zima, hakumwaga punje. Humoud peke yake alibaki ameketi, kwa sababu alijua.

"Halina hata tone," Nunu akasema kutoka mafigani. "Tumelikamua tangu alfajiri. Lakini wewe, mwanangu, ulijua."

Bwana Shauri akarudi polepole, akauchoma mguu wa tangi kwa fimbo. Fimbo ikazama. Akaichomoa, akaitazama ncha yake iliyojaa mchwa, akaigonga chini.

"Nani alitia sahihi kwamba miguu hii ni mipya?"

Humoud akasimama. Nunu alimwona anashika kichwani kutafuta kofia ambayo haipo. "Mimi, bwana," akasema. "Na boriti zenyewe ziko pale barazani. Niliziegemea."

"Kwa nini ulitia sahihi?"

"Ulituambia tutazame na tuulize. Sisi tukala."

Mahali fulani nyuma mtu alicheka, akazibwa mdomo. Anaeli akakohoa. "Na mimi, bwana," akasema. Mzee Abdulla akaweka sinia chini kwa huzuni ya kweli. "Na mimi. Ilikuwa pilau nzuri sana."

"Kama unataka kiti chako, bwana, kichukue," Humoud akasema. "Ni haki."

Bwana Shauri akamtazama yule mzee kichwa wazi. "Nikikuondoa," akasema kwa Kiswahili chake kigumu, "nitaleta mwingine ambaye hajaona aibu bado. Kaa. Lakini mkutano haujaisha mpaka tangi hili lisimame."

Basi Kariakoo ilipata tamasha la bure. Makuti yalishushwa mchana huohuo, na Leodegar, mikono ya shati imekunjwa, alizing'oa boriti mwenyewe pamoja na wapagazi, huku wajumbe watatu wamesimama juani bila kivuli cha mtu yeyote, wakitazama kila shimo linavyochimbwa. Mshahara wake ulikatwa miezi kadhaa, na kazi hakupewa tena bila mtu kuja nyuma yake kuangalia. Alipopita karibu na Nunu, amejaa lami, alisimama.

"Nisamehe, mama. Wageni wengi walikuwa wanakuja, na ofisi haikuwa na mahali pa kuwaweka. Nikasema nitazirudisha."

"Kula kwanza," akasema Nunu, akampakulia. "Kisha uchimbe lile shimo la nne. Halijaingia chini vya kutosha."

*

Kwa hiyo wewe ambaye mumeo au mwanao ataitwa kukaa kwenye bodi yoyote, iwe ya soko, ya shule au ya msikiti, usimshonee kanzu kwanza. Muulize ataanza kutazama wapi. Na akirudi ameshiba, muulize tena. Atakasirika. Mwache akasirike.

Humoud alikasirika, lakini si kwa mkewe. Alikasirika kwa sababu hakuweza tena kupita sokoni kama mtu.

"Hawaniachi," alimwambia Nunu asubuhi moja, akivaa viatu. "Mjumbe, umeona mfereji? Mjumbe, umeona choo? Severa ananishika kanzu ananionyesha bati lililotoboka. Jana nimefika dukani adhuhuri."

"Pita njia nyingine."

"Ndivyo nitakavyofanya. Leo napita nyuma, kwenye karakana za reli. Kule hawanijui."

Akatoka. Baada ya muda Nunu naye akatoka, mjukuu kiunoni, chupa ya mafuta ya Zeina mkononi, akafuata njia hiyohiyo ya nyuma maana ndiyo yenye kivuli asubuhi. Alipokunja kona ya Gerezani alimwona mumewe amesimamishwa na mwanamke muuza mkaa, mweusi mikono hadi viwiko, ambaye wala hakumjua kwa jina.

"Wewe si yule mjumbe aliyekiri?" mwanamke alikuwa anamuuliza. "Basi njoo utazame huku. Maji machafu yanaingia kisimani kwetu, na kila mtu anatuambia yameshazibwa."

Humoud alitazama kulia. Akatazama kushoto, huko ambako duka lake lilikuwa linamngoja. Akapumua kwa nguvu. Kisha akashika pindo la kanzu, akalipandisha mpaka magotini, akakanyaga tope, akainama.

"Nani amekwambia yamezibwa?" akauliza.

Nunu hakumwita. Alimhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno, akapita kwa nyuma yao kimyakimya asimsumbue.